Maske na uongo si kitu kimoja

Maoni ya redaksio



Tangu tulipotoka likizo, kitabu kimoja cha picha kinazunguka ndani ya nyumba ya kulala ya wavulana. Kinatoka mkono huu, kinaingia mkono ule, mpaka sasa ganda lake limeanguka. Ni vile vitabu tunaita bede. Jina lake ni Grayson. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano alikipata kwa yaya yake Bukavu, kwa Kifaransa. Wasichana nao wamekisoma, kwa njia gani hatuulizi. Tunajua pia kwamba mwalimu mmoja, ao wawili, wamekisoma, sababu kilirudi na karatasi ndani ya kurasa, na ile karatasi ilikuwa na alama za kalamu nyekundu.

Juu ya kitabu hiki mabishano ni mengi. Wengine wanasema shujaa wetu wa zamani ameharibiwa. Wengine wanasema sasa ndio amekuwa mtu wa kweli. Tena kuna jambo lingine, zito kuliko mabishano, lililotokea katikati yetu kwa sababu ya kitabu, ao tuseme vizuri: kitabu kilililetea jina tu. Tunataka kusema juu ya yote mawili. Tuanze na kitabu, kusudi wale hawajakisoma watufuate.

Dick Grayson ni nani? Alionekana mara ya kwanza Marekani mwaka 1940, ndani ya gazeti Detective Comics namba 38. Bob Kane, Bill Finger na Jerry Robinson walimtengeneza kusudi Batman apate mtu wa kuzungumza naye. Shujaa anayetembea peke yake usiku, atasema mawazo yake kwa nani? Basi wakampa kijana. Wazazi wa Dick walikuwa watu wa sirkasi, wa kuruka juu kwenye kamba. Wabaya waliharibu kamba, wazazi wakaanguka wakafa mbele ya macho yake. Batman akamchukua, akamlea, akamvika maske, akamwita Robin.

Mwaka 1984 waandishi Marv Wolfman na George Pérez wakaona kijana amekomaa. Wakamvua jina la Robin, wakamwita Nightwing. Alikuwa mtu mzima sasa, na kazi yake mwenyewe. Lakini maske ilibaki. Tangu 1940 mpaka 2014 ni miaka 74, na muda huo wote tulimjua kwa maske.

Sasa, katika hadithi moja ya 2013 na 2014, adui walimkamata, wakamtoa maske mbele ya televisheni, dunia nzima ikaona uso wake na kusikia jina lake. Kisha watu wakaamini kwamba amekufa. Hakufa. Batman akamwambia: ubaki hivyo hivyo, mfu, kusudi uingie ndani ya Spyral. Spyral ni kundi la wapelelezi, na Batman hakuwa na hakika kama ni la wazuri ao la wabaya. Ndipo mwezi wa saba 2014 gazeti jipya likatoka, na jina lake halikuwa Nightwing tena. Lilikuwa Grayson tu, jina alilopewa na baba yake. Waandishi ni Tim Seeley na Tom King, mchoraji ni Mikel Janín wa Hispania. Dick akaitwa Ajenti 37. Hana tena maske. Ana mtambo mdogo unaoitwa Hypnos, unaofanya watu washindwe kukumbuka uso wake. Mbele ya Spyral yeye ni mpelelezi wao. Kwa siri anampelekea Batman habari. Kwa hiyo ni mpelelezi kati ya wapelelezi.

Na Spyral inajificha wapi? Ndani ya shule! Ndiyo, shule ya wasichana, yenye jina St. Hadrian's. Dick anafundisha pale mchezo wa mwili, na wasichana wanamchungulia dirishani. Wenzetu wasichana walicheka sana pahali hapo. Sisi pia tulicheka. Lakini tulipofikiri, kicheko kikapungua, na mtaona sababu.

Turudi kwa mabishano. Wale wanaosema shujaa ameharibiwa wana neno lao. Wanasema: shujaa ni yule watu wanaweza kumwita. Mama akilia usiku, anajua kuna Nightwing. Nani atamwita Ajenti 37, wakati hakuna anayejua kwamba yuko? Wale wengine wanajibu: zamani Dick alikuwa anashinda kwa kuruka na kupiga. Sasa inamwomba kusikiliza, kupima maneno, kuingia kwa adui bila bunduki, sababu yeye hapendi bunduki. Hiyo ni akili, na akili ni kubwa kuliko mikono.

Sisi wa redaksio tulikaa Jumamosi mbili juu ya neno hili. Maoni yetu ni haya: kugeuza Dick kuwa mpelelezi ilikuwa kazi nzuri ya waandishi, si kwa sababu upelelezi ni mzuri, lakini kwa sababu ilituonyesha kwamba maske na uongo si kitu kimoja. Zamani tulikuwa tunavichanganya.

Mtu wa maske anasema hivi: jina langu sikuambii, lakini kazi yangu iko wazi mbele yako. Mpelelezi anasema kinyume: uso wangu huu hapa, tule pamoja, ucheke nami, lakini kazi yangu huijui. Wa kwanza ameficha kitu chake. Wa pili ameficha kitu chako, maana habari anayoipeleka usiku ni habari yako.

Sisi watu wa Shabunda tungepaswa kujua jambo la maske kuliko Batman. Wazee Warega wa Bwami walikuwa na maske ndogo ya mti, yenye udongo mweupe na ndevu za nyuzi, jina lake lukwakongo. Wengi wetu tunaijua kwa picha tu, sababu maske nyingi za kwetu ziko leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Hatusemi hapa juu ya mafundisho ya Bwami, wakubwa wana maneno yao juu ya hayo, na serikali ya Wabelgiji iliikataza mwaka 1948. Tunasema juu ya maske peke yake. Ile maske haikuwa ya kuficha mtu. Mara nyingi hawakuivaa hata usoni. Waliishika mkononi, ao waliifunga mkononi ao kwenye paji la uso, ao waliitundika kwenye ua ikutazame. Ilionyesha mwenyewe amefika cheo gani, na ilikumbusha wale walioishika mbele yake, waliokwisha kufa. Kwa hiyo maske ilikuwa namna ya kusema: mimi ni nani, na nimetoka kwa nani. Ukiitazama hivyo, utaona kwamba siku walipomtoa Dick maske, hawakumwonyesha. Walimpoteza.

Jambo la pili tunalosifu katika kitabu hiki ni kwamba hakifichi bei. Tom King alifanya kazi ndani ya CIA ya Marekani mbele ya kuandika bede, na pengine ndiyo sababu upelelezi ndani ya kurasa zake hauna harufu nzuri tu. Dick anavaa vizuri, ndiyo, anatembea miji mikubwa, ndiyo. Lakini kule nyumbani wenzake wanamlilia kama mfu. Aliporudi Gotham, katika kurasa za mwaka 2015, akasimama mbele yao mzima, furaha ilikuja pamoja na hasira. Walimpenda, na hawakujua tena kama wamwamini. Waandishi wangeweza kuruka ukurasa ule. Hawakuruka. Na mwaka 2016, baada ya namba 20, gazeti likafungwa na Dick akavaa tena maske ya Nightwing. Msomaji akipima anaelewa: alirudi kwenye maske kusudi awe wazi.

Mtu atasema: lakini wako wapelelezi wengine tunaowapenda, na hakuna anayelia. Ni kweli. Wakubwa wetu walisoma Lance Spearman, yule wa hadithi za picha za gazeti African Film, miaka ya 1960, na kofia yake. Wengi hapa wamesoma Willy Gamba wa Elvis Musiba wa Tanzania, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Ndani ya Kikosi cha Kisasi Willy anafika mpaka Kinshasa kwetu. Lakini Willy alizaliwa mpelelezi ndani ya ukurasa wa kwanza. Hakuna mtu aliyemjua mbele kama kitu kingine. Dick alikuwa wetu kwa miaka 74, ndipo akaanza kutuficha. Hiyo ndiyo tofauti.

Tena mtazame Captain America, utaona hatari yenyewe. Yeye alitoka mwaka 1941, na kwenye ganda la namba yake ya kwanza anampiga Hitler ngumi. Mwaka 2016 mwandishi Nick Spencer akaandika kwamba huyu huyu ni mtu wa siri wa Hydra, adui zake mwenyewe, na kwamba alikuwa hivyo tangu zamani. Wasomaji wengi walikasirika kabisa. Mwaka 2017 hadithi ikamrudisha yule wa kweli, ikaeleza kwamba maisha yake yalikuwa yamegeuzwa kwa nguvu ya ajabu. Lakini kwa muda ule, msomaji akifungua kitabu cha zamani alikuwa anajiuliza: hata hapa alikuwa anatudanganya? Ndiyo kazi ya upelelezi. Hauharibu leo peke yake, unarudi nyuma kuharibu na jana.

Sasa tufike nyumbani.

Baada ya kitabu kuzunguka, wavulana walianza kupeana namba. Huyu Ajenti 12, yule Ajenti 40. Ilikuwa mchezo, na sisi wenyewe wa redaksio tulikuwa na namba, hatukatai. Kisha siku moja namba 37 ikapewa mwenzetu mpya wa mwaka wa tatu, aliyefika katikati ya mwaka kutoka mbali. Hakuiomba. Alikuwa anauliza tu: maji tunachota wapi, mwalimu fulani anatoka wapi, njia hii inafika wapi. Tena alikuwa na daftari dogo, aliandika kila jioni. Wakasema: "Ule njo mupelelezi. Anauliza-uliza sana. Musimuambie kitu." Mchezo ukaisha pale, jina likabaki. Siku nne alikula bugali na sombe peke yake. Usiku, akiingia, mazungumzo yanakatika. Siku ya tano mtu alichukua lile daftari, likasomwa kwa sauti mbele ya watu. Ndani kulikuwa nini? Hesabu ya franka zake, na maneno ya Kirega aliyokuwa anajifunza, na maana yake pembeni. Kulikuwa "maji". Kulikuwa "rafiki".

Wasomaji wapenzi, hakuna aliyecheka.

Pahali pengine neno mpelelezi ni la sinema. Hapa Shabunda siyo. Teritwari yetu imeona vita tangu 1996, na mwaka 2005 Raia Mutomboki walianza huku kwetu kupigana na FDLR, na baadaye makundi yakawa mengi. Wakubwa wetu wametuambia namna mtu alivyoweza kusimamishwa kwenye baria, na kwa lugha yake, ao kwa karatasi ndogo ndani ya mfuko, akaitwa mpelelezi. Baada ya neno hilo hakukuwa na maswali mengi. Kuna kati yetu wenye ndugu ambao hawakurudi kwa sababu ya neno lile moja. Na sisi tumelichukua, tumelitia namba, tukampa mtoto wa miaka kumi na tano.

Katika Mwanzo 42 tunasoma jambo kama hili. Ndugu za Yosefu walifika Misri kwa njaa, kununua nafaka. Wakaambiwa ni wapelelezi, wakafungwa siku tatu. Na tuangalie vizuri: wao hawakuficha jina wala njaa yao. Katika chumba kile aliyeficha jina lake alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyewasingizia.

Tulijiuliza: kwa nini wanafunzi wenye akili, wanaokula pamoja, waliamini haraka hivyo? Tunaomba ruhusa kusema jibu kwa heshima, kwa Prefe wetu, kwa direkta wa disiplini, na kwa walimu wote. Kila mwanafunzi hapa anajua ao anafikiri anajua kwamba katika kila nyumba ya kulala kuna mmoja anayepeleka maneno ofisini kwa siri. Mwanafunzi akiitwa ofisini, anaambiwa maneno aliyoyasema usiku akiwa kitandani. Nani aliyapeleka? Hajulikani. Kwa sababu hajulikani, anaweza kuwa yeyote. Na anapokuwa yeyote, mgeni ndiye wa kwanza kulipa, maana hana mtu wa kumtetea. Mwenzetu hakusingiziwa na bede. Alisingiziwa na woga ambao ulikuwa hapa mbele yake. Bede iliupa namba tu.

Hatusemi shule iishi bila macho. Wizi uko, pombe iko, kutoroka usiku kuko, na wakubwa wana mzigo mbele ya wazazi wetu. Lakini tunaomba macho yawe wazi. Tuko na shefu wa nyumba ya kulala, kila mtu anamjua, jina lake limebandikwa mlangoni. Akisema "nitapeleka jambo hili kwa direkta," tunajua limetoka wapi, na tunaweza kujitetea. Huyo hana hata haja ya maske. Tunamkasirikia pengine, lakini hatumwogopi, na tukimkasirikia yeye hatumkasirikii mgeni. Mmoja wa wazi anatosha kuliko watatu wa siri.

Basi, tunamaliza kwa mambo matatu.

Kwanza, kwa wale waliosema kitabu kichomwe ao kifungiwe ofisini: tunaomba kisichomwe. Kitabu hakikufanya kosa. Ukikisoma mpaka mwisho, utaona kinasema neno lile lile tunalosema sisi. Wengi waliishia katikati, pahali pa nguo nzuri, hawakufika pahali ambapo Dick anasimama mbele ya rafiki zake na hana la kusema.

Pili, kwa wanafunzi: namba ziishe. Na yule aliyechukua daftari anajua ni nani. Alirudishe mchana, mbele ya watu, mkono kwa mkono. Asilitupe chini ya kitanda usiku kama Ajenti.

Tatu, kwa wakubwa wetu: tufikirie pamoja jambo la macho ya siri. Hatuombi majina. Tunaomba liishe.

Mwenzetu wa mwaka wa tatu tumemwomba msamaha, Jumapili mchana. Tulitaka kuandika hapa alivyojibu, lakini alisema tusiandike, na sisi tumekaa kimya tukatii. Alituruhusu kusema jambo moja tu: kwamba bado anatafuta mtu wa kumwonyesha namna ya kusema "asante" kwa Kirega, kusudi aiandike mwenyewe.

Mwenye maoni mengine aandike karatasi yake, aweke jina lake chini, alete kwa redaksio mbele ya Ijumaa. Karatasi bila jina hatutazipiga mashine.

Redaksio ya wanafunzi